Nani Ataisoma Ripoti Hii? Niliyojifunza Nikiwa Mwanasaikolojia wa Kampuni

Ripoti ilikuwa na kurasa 34, lakini meneja hakuanzia mwanzo. Aliifungua moja kwa moja kwenye maoni ya wafanyakazi, mahali ambapo nilikuwa nimenukuu maneno yao kama walivyoyaandika kwenye dodoso, akachomoa kalamu ya wino mwekundu mfukoni, akaanza kupitia sentensi moja baada ya nyingine kwa utulivu wa mwalimu anayesahihisha mitihani. Alipofika penye sentensi iliyosema, "Haki ya Mungu, vikao vya Jumatatu vinatuchosha kuliko kazi yenyewe," kalamu ilisimama. Akatabasamu. "Haki ya Mungu," akarudia taratibu, kisha akataja jina la mama mmoja wa kitengo chake, ambaye katika kitengo kizima cha watu wanne ndiye peke yake aliyekuwa na mazoea ya kuapa hivyo. Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake, nikiwa bado najivunia majedwali yangu.

Nilimkumbuka mama huyo. Siku ya kukusanya madodoso alinikabidhi lake mkononi likiwa limekunjwa mara nne, dogo kama barua ya siri, akaniambia kwamba amesema yote. Baada ya miezi miwili nilisikia kwamba amehamishiwa kwenye kazi ya kupanga kumbukumbu za zamani, katika chumba ambacho hakina mtu mwingine. Sina ushahidi kwamba sentensi ile ndiyo iliyomhamisha, na ninakiri kwamba sikuutafuta. Nilichokuwa nacho ni ahadi yangu mwenyewe, niliyoichapa kwa herufi nzito juu ya dodoso: majibu yako hayatajulikana. Niliiandika kwa nia njema kabisa. Sikuwa nimeomba jina la mtu yeyote, na kwa akili yangu ya wakati ule, fomu isiyo na jina ilikuwa fomu isiyo na mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimeuliza umri, jinsia na miaka ya kazi, na katika kundi la watu wanne maswali hayo matatu yanatosha kumtaja mtu hata kabla hajafungua kinywa. Nami juu ya hayo nikaongeza maneno yake mwenyewe, pamoja na kiapo chake.

Ningefarijika kusema kwamba meneja yule alikuwa mtu katili. Hakuwa. Alikuwa mtu aliyepewa maandishi yanayomhusu, na anayepewa maandishi ya namna hiyo atatafuta kwanza nani kasema nini. Ndivyo tulivyoumbwa, na mwanasaikolojia kuliko watu wote alipaswa kulijua hilo. Mlango niliuacha wazi mimi. Tangu hapo sitoi matokeo ya kundi lenye watu chini ya kumi, ingawa wapo wenzangu wanaoridhika na watano, na maoni ya kuandika nayakusanya kwa mada na kuyaandika upya kwa maneno yangu, hata pale ninapojua kwamba sentensi ya mfanyakazi ni kali na tamu kuliko yangu. Ripoti zangu zimepoa kidogo kwa sababu hiyo, na wakurugenzi wawili watatu wamenilalamikia kwamba hazina sauti ya watu.

Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi sasa, nikipima waombaji wa kazi, nikichunguza hali ya wafanyakazi na kuwanoa viongozi, na karibu kila kosa la kimaadili nililolifanya lilianzia palepale: kabla kazi haijaanza, mtu fulani hakuambiwa waziwazi nani ataisoma ripoti na ataifanyia nini. Sijawahi kupewa bahasha chini ya meza, na nadhani wenzangu wengi pia hawajawahi. Tunasoma maadili ya taaluma kama watu wanaojiandaa kukataa hongo, halafu tunajikwaa kwenye ngazi, ndani ya lifti, na kwenye swali la kirafiki linaloulizwa wakati wa kuagana.

Ugumu umo katika umbo la kazi yenyewe. Anayetibu wagonjwa, kwa sehemu kubwa, ana mtu mmoja mbele yake, na mtu huyo ndiye aliyekuja kwa hiari yake kutafuta msaada. Mwanasaikolojia wa kampuni ana watu wawili kila wakati, yaani anayelipa na anayepimwa, na mara nyingi kuna wa tatu asiyeonekana kabisa, kama vile abiria atakayebebwa na rubani ambaye mimi nilimpitisha. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho kilianzishwa mwaka 1892 na kutoa kanuni zake za kwanza za maadili mwaka 1953, kina kifungu kinachohusu huduma zinazotolewa kwa taasisi au kupitia taasisi. Kifungu hicho kinamtaka mwanasaikolojia aeleze mapema kazi yenyewe ni nini na lengo lake ni lipi, imekusudiwa nani, nani hasa ndiye mteja, yeye mwanasaikolojia atahusianaje na kila mtu na taasisi yenyewe, taarifa zitakazopatikana zitatumikaje, nani atazifikia, na usiri unaishia wapi. Nilikisoma chuoni nikapata alama nzuri katika mtihani wake. Kukielewa kulinichukua muda mrefu zaidi.

Katika kampuni nyingi watu huniita Daktari, ingawa sina udaktari wa aina yoyote, wa tiba wala wa falsafa. Mwanzoni sikuwasahihisha. Jina lilikuwa tamu, na pia nilijidanganya kwamba kumsahihisha mtu katika dakika ya kwanza ya mazungumzo ni kumwaibisha. Lakini jina hilo huja na ahadi ambayo sikuitoa mimi, kwamba yanayosemwa kwa Daktari hubaki kwa Daktari. Kuna mwendeshaji wa mtambo wa kunyanyulia mizigo, mtu mzima, mtaratibu, ambaye nilitakiwa kumpima kwa ajili ya nafasi ya usimamizi. Katikati ya zoezi la kupanga ratiba aliweka kalamu chini akasema, "Daktari, mimi silali." Akaeleza kwamba mwanawe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kwamba tangu siku ile usiku wake umekuwa mrefu kupita kiasi. Alieleza kwa dakika kumi hivi, nami nilisikiliza kama nilivyofundishwa kusikiliza, kwa kichwa kilichoinama kidogo na sauti ndogo za kuitikia, na kadiri nilivyosikiliza vizuri ndivyo alivyozidi kusema.

Ndipo niliposhtuka. Mtu yule alikuwa anazungumza na tabibu, na tabibu hakuwepo chumbani. Aliyekuwepo ni mpimaji ambaye ripoti yake ingefika mezani kwa mkuu wa rasilimali watu kabla ya Ijumaa. Nilimweleza jambo hilo kwa kuchelewa na kwa kigugumizi, nikamwambia kwamba habari ya mwanawe haitaingia kwenye ripoti, nikamwelekeza kwa mtu wa ushauri nasaha asiyehusiana na kampuni. Ahadi hiyo niliitimiza. Hata hivyo, kwenye fomu kulikuwa na kipengele cha uwezo wa kuhimili shinikizo, nami nilimpa alama tatu kati ya tano, na hadi leo sijui kama ningempa nne laiti nisingeyasikia yale. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikio lililokwisha kusikia haliwezi kuagizwa lisahau. Nilipaswa kumsimamisha mwanzoni, kwa upole lakini mara moja, hata kama kumsimamisha kungenifanya nionekane mtu baridi.

Baadaye nilipata faraja, au tuseme onyo, katika historia ya fani yetu. Katika viwanda vya Hawthorne, karibu na Chicago, ambako yalifanyika yale majaribio mashuhuri ya mwanga na uzalishaji kuanzia mwaka 1924, kulianzishwa mwaka 1936 mpango wa washauri waliozunguka kati ya wafanyakazi wakiwasikiliza. Washauri hao hawakuwa na mamlaka juu ya mtu yeyote na walitakiwa kutunza siri, kwa hiyo kosa langu la kuvaa kofia mbili lilikuwa limezibwa kwao tangu mwanzo. Lakini ukuta ule ule uliolinda siri uliwazuia kupeleka malalamiko mahali ambapo yangeweza kutatuliwa, na wakosoaji wakasema kwamba kampuni imeajiri watu wa kupoza hasira huku chanzo cha hasira kikibaki kilivyo. Mpango ulifungwa mwaka 1956. Nikiusoma mkasa huo najiuliza mara ngapi mimi mwenyewe nimelipwa ili watu wajione wamesikilizwa, na kama kuna tofauti ya maana kati ya hilo na kuwapa dawa ya usingizi. Mfanyakazi anapomwona mtu wa nje akiingia na daftari lake husema moyoni, mgeni njoo mwenyeji apone. Tukijua tangu mwanzo kwamba hakuna atakayepona, tunapaswa kulisema hilo kabla ya kufungua daftari.

Kosa lililonifundisha zaidi halikuwa na hata neno moja. Nilikuwa nikimnoa mkuu mmoja wa idara ya mauzo, vikao kumi kwa makubaliano na mkurugenzi mtendaji, na mkataba ulisema wazi kwamba yaliyomo kwenye vikao ni siri. Baada ya kikao cha nne nilikutana na mkurugenzi huyo ndani ya lifti. "Vipi kijana wetu," akauliza, "unaona atafaa?" Nilitaka kumkumbusha makubaliano yetu bila kumvunjia heshima, na katika kutafuta maneno ya adabu nikatazama chini. Huenda zilipita sekunde mbili. "Nimekuelewa," akasema, akanigusa bega, mlango ukafunguka akatoka. Nilimfuata ofisini kwake kumweleza kwamba hakukuwa na chochote cha kuelewa, naye akacheka kama mtu anayeheshimu uaminifu wangu. Kila nilivyozidi kukanusha ndivyo nilivyozidi kuthibitisha. Mwisho wa mwaka nafasi ya juu alipewa mtu mwingine.

Kijana yule, kwa taarifa ya msomaji, alikuwa akiendelea vizuri sana.

Nilizungumza kuhusu jambo hilo na mzee aliyekuwa akinisimamia nilipoanza kazi, mtu ambaye hakuwa na subira na masikitiko yangu. Aliniuliza kama nilikuwa na sentensi tayari. Sikuwa nayo. Akasema basi nisishangae kwamba macho yangu yalijibu kwa niaba ya mdomo. Tangu siku ile ninayo sentensi moja, ambayo huwa namwambia anayelipa siku ya kwanza kwamba ndiyo pekee atakayoisikia: vikao vinaendelea, na yaliyomo atayaeleza mhusika mwenyewe akipenda. Naisema kwa sauti ileile kwa kiongozi anayenipa matumaini na kwa yule anayenikatisha tamaa. Kinyume na nilivyotarajia, mtihani mgumu huja pale habari zinapokuwa njema. Mtu amebadilika, wafanyakazi wake wanapumua, mkurugenzi anauliza, na moyo unatamani kumpa mtu huyo neno moja tu la sifa. Lakini nikimsifu huyu leo, ukimya wangu kuhusu mwingine kesho utakuwa mashtaka.

Kuhusu vipimo vyenyewe ningeweza kuandika mengi, maana ndiko fedha ya biashara hii iliko. Mkurugenzi mmoja aliwahi kunipa dodoso refu la tabia lililotengenezwa kwa ajili ya hospitali za magonjwa ya akili, akataka niwapime nalo waombaji wa kazi ya uhasibu ili kuwaondoa mapema wale aliowaita wenye matatizo. Dodoso la aina hiyo linalojulikana zaidi lilitungwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa mwaka 1943 kwa madhumuni ya kusaidia kutambua maradhi, na maswali yake yanaingia hadi kwenye imani ya mtu na mambo ya chumbani. Nilimsimulia mkurugenzi huyo habari ya waombaji wa kazi ya ulinzi huko California walioulizwa maswali ya namna hiyo na kampuni moja ya maduka. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa iliona kwamba kumuuliza mwombaji kuhusu dini yake na mapenzi yake pasipo kuonyesha uhusiano na kazi ni kuingilia faragha yake, na mwaka 1993 shauri likamalizwa kwa makubaliano. Nikaongeza hukumu ya zamani zaidi ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ya mwaka 1971, katika shauri la Griggs dhidi ya Duke Power, ambapo kampuni ya umeme ilidai cheti cha sekondari na kufaulu vipimo viwili vya uwezo kwa kazi ambazo watu wasiokuwa na sifa hizo walikuwa wakizifanya vizuri tu, na masharti hayo yakawaengua Weusi kwa wingi. Mahakama ilisema kipimo lazima kipime mtu kwa kadiri ya kazi. Alisikiliza, akaliweka dodoso kando. Sidhani kama ni maadili yaliyomgusa. Nadhani ni neno mahakama, na siku hiyo nililipokea hilo kwa shukrani.

Tatizo la kawaida zaidi ni vipimo visivyo na madhara makubwa wala maana kubwa, vile vinavyowagawa watu katika rangi au aina na kutoa ripoti inayopendeza. Mara moja, nilipoombwa kuidhinisha kimojawapo, niliwafanyia mameneja kumi na wawili jaribio alilolifanya mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer mwaka 1948 kwa wanafunzi wake 39. Walijaza dodoso fupi, na baada ya chai nikampa kila mmoja bahasha yenye maelezo ya tabia yake: kwamba anahitaji kupendwa na watu lakini hujikosoa, kwamba ana uwezo ambao bado hajautumia, kwamba kwa nje anaonekana imara ilhali ndani ana wasiwasi. Niliwaomba wayape maelezo hayo alama kuanzia sifuri hadi tano kwa usahihi wake. Kwa Forer wastani ulikuwa 4.26, kwangu haukuwa mbali. Kisha nikamwomba mmoja asome yake kwa sauti, na kabla hajafika mwisho wengine walikuwa wameanza kutazamana, kwa sababu bahasha zote zilikuwa na karatasi ileile.

Walicheka, na kipimo hakikununuliwa. Lakini mama mmoja, meneja wa ghala, hakucheka. Alinifuata baadaye akaniuliza kwa heshima kama ni desturi yetu kuwadanganya watu ili kuwafundisha wasidanganyike. Nilimjibu kwamba niliwaeleza ukweli papo hapo, na kwamba hakuna karatasi iliyohifadhiwa. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumtosha, na kusema kweli halikunitosha mimi. Sasa nalisimulia tu jaribio la Forer. Halina nguvu ileile likisimuliwa, nami nimekubali hasara hiyo. Muda unaobaki nautumia kueleza mambo yasiyosisimua, kwa mfano kwamba usaili uliopangwa, ambapo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo ya kujisikia tu, na kwamba kumpa mtu sehemu ndogo ya kazi yenyewe aifanye hukuonyesha mengi. Siku hizi huja pia programu zinazodai kusoma hisia za mwombaji usoni kwa akili mnemba. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi ya kukisia hisia mahali pa kazi, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, tangu Februari 2025, nami nafurahi kwamba kwa mara moja sheria ilifika kabla yangu.

Nirudi kwenye jambo ambalo bado linanisumbua. Kampuni moja iliniajiri niwapime wafanyakazi wake sitini ili ijue kila mmoja anahitaji mafunzo gani. Kila mmoja alisaini fomu iliyosema hivyo: kwa ajili ya mafunzo. Kwa kuwa waliamini, walijibu kwa uwazi. Walikiri wanachokiogopa, wasichokiweza, wanachokificha kwa wakubwa wao. Miaka miwili baadaye biashara iliporomoka, na mkuu wa rasilimali watu, mwanamke niliyemheshimu na aliyezoea kuniita mdogo wangu, aliniita ofisini akaniomba orodha ya alama kuanzia ya juu hadi ya chini. Watu kumi na tano walikuwa wapunguzwe.

Nilikataa, naye hakukasirika. Alinipa hoja ambayo sijasikia nzito kuliko hiyo katika kazi hii. "Mdogo wangu," alisema, "bila alama zako hawa watu watachaguliwa kwa undugu, kwa chuki na kwa nani alimsalimia nani. Alama zako angalau hazina ndugu. Unataka mikono yako ibaki safi, au unataka haki itendeke?" Nilirudi nyumbani na swali hilo. Kulipopambazuka nilikuwa na jibu, ingawa halikuniletea usingizi: vipimo vile vilitengenezwa kuonyesha upungufu unaoweza kufundishika, havikutengenezwa kutabiri nani atafanya kazi vizuri mwaka ujao, na, zaidi ya hayo, waliojieleza kwa ukweli ndio waliokuwa na alama za chini, kwa hiyo orodha yangu ingewafukuza wakweli na kuwabakiza waliojipamba. Kanuni zinaelekeza nini kifanyike taasisi inapotaka jambo linalopingana na maadili: eleza mgongano ulipo, sema wazi kwamba unafungwa na kanuni zako, tafuta njia ya kuutatua. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili kwa mpangilio huohuo, nikapendekeza vigezo vipya vinavyotokana na kazi yenyewe, vitangazwe mapema, na kila atakayeguswa apewe nafasi ya kukata rufaa.

Alipokea barua, akanishukuru, na akanieleza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwamba anayo nakala. Alifungua kabati nyuma yake akanionyesha jalada la bluu. Miaka miwili nyuma, katika furaha ya kumaliza kazi kwa wakati, nilikuwa nimempelekea jedwali la alama zote pamoja na majina ili apange mafunzo. Mkataba haukusema alama ni za nani, zikae kwa muda gani, wala zisitumike kwa nini. Aliniomba kwa adabu kitu ambacho tayari alikuwa nacho, na kukataa kwangu kwa ujasiri kulikuwa kukataa kumpa mtu ufunguo wa nyumba ambamo tayari anaishi. Kama jalada lile lilitumika sikuambiwa. Watu kumi na tano waliondoka, na mwaka uliofuata mkataba wangu haukuhuishwa.

Kuanzia hapo sifanyi kazi bila ukurasa mmoja ulioandikwa kwa lugha nyepesi, ambao nausoma kwa sauti mbele ya anayelipa na mbele ya wanaopimwa, maneno yaleyale kwa wote. Unaeleza nani aliyeniita na kwa nini, mimi si daktari wa mtu yeyote hapa, nani ataona alama za mtu na nani ataona za kundi tu, kundi dogo kabisa litakuwa la watu wangapi, karatasi zitatunzwa wapi na kuharibiwa lini, na kwamba alama zilizochukuliwa kwa shughuli moja hazitahamishiwa nyingine bila kumuuliza upya mwenyewe. Kuna wateja ambao wakiusoma hukunja uso wakasema watanipigia simu. Nimejifunza kutosubiri simu hizo.

Mwaka juzi niliusoma ukurasa huo mbele ya wafanyakazi wa kampuni nyingine kabisa, katika ukumbi wenye viti vya plastiki. Mama mmoja aliyeketi nyuma, nywele zikiwa zimeanza kuwa nyeupe, alinyoosha mkono.

"Katika kundi letu tuko wangapi?"

"Kumi na wanne, mama."

"Na maneno yetu utayaandika kama tulivyosema?"

"Hapana, mama. Nitayaandika upya."

Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akainama kwenye karatasi yake. Sikuweza kujua kama amenikumbuka, wala haikuwa haki yangu kumuuliza mbele ya watu. Siku hizi sipokei madodoso mkononi. Kila mtu hutumbukiza lake kwenye sanduku lenye kufuli, na sanduku hutikiswa kabla ya kufunguliwa. Jioni nilipolifungua, karatasi moja ilikuwa imekunjwa mara nne. Maswali yote yalikuwa yamejibiwa, na nafasi ya maoni ilikuwa tupu.